Mjomba, Jina Halikuwa na Kosa

Mjomba wangu Lubago,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua. Ungekuwapo ungenigombeza kwanza: "Mwihwa, mtu mwenye miguu yake anaandikaje barua? Panda mlima uje tuzungumze." Mwihwa, yaani mpwa kwa Kiluguru, ndivyo ulivyoniita tangu nikiwa mtoto, hata mbele ya wakubwa zangu wa kiwandani, nikaona aibu. Basi mlima nimeupanda mara nyingi tangu ulipoondoka, na kaburi lako nimelifyekea mwenyewe. Lakini hili sikuweza kulisema nikiwa nimesimama pale na panga mkononi, huku akina mama wakipita na matenga ya kabichi wakinisalimia. Nimeona niliandike, na asome yeyote atakaye, maana nadhani si ukoo wetu peke yake uliokosea kama tulivyokosea sisi.

Habari ni njema. Naitanguliza usije ukasoma roho ikiwa juu, kama nilivyoishi mimi miaka yote tangu tukuzike.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka (na usinicheke kwa kukuuliza hivyo, natumaini huko uliko umerudishiwa yote), unakumbuka nilipokuja kwako na sanduku langu la bati baada ya kiwanda kuuzwa? Ilikuwa enzi za ruksa na soko huria. Viwanda vya Morogoro vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na sisi tuliojiona watu wa mjini wenye mshahara tukaambiwa tumepunguzwa. Nilidhani utanionea huruma. Wewe ukacheka mpaka ukakohoa. "Karibu kiwanda kisichouzwa," ukaniambia, ukanionyesha mteremko wa karoti na njegere unaoshuka mpaka mtoni. Kesho yake ukanipa jembe. Mikono yangu ilijaa malengelenge, na mama yangu, dada yako mkubwa, akakwambia unaniua. Ukamjibu kwamba unanifufua.

Baadaye nilipoanza kupeleka mboga sokoni mjini na kujenga kibanda changu Kihonda, hukuniacha. Kila baada ya mavuno uliniita tuzunguke mashamba ya ukoo. Hukuwa na ramani wala karatasi. Kichwa chako ndicho kilichokuwa ofisi ya ardhi. "Hapa ni pa Anjelina, alipewa mama yake alipofiwa na mume. Kuanzia kwenye jiwe lile jeupe ni pa Paskalina. Pale penye mgomba usiozaa hapana mtu, panapumzika." Halafu ghafla unanisimamisha katikati ya njia: "Tulipo sasa ni pa nani?" Nikikosea unanipiga kofi jepesi la kisogo, unasema kiwanda kilinitia pamba masikioni. Watu walikuja kwako wamenuna, wakaondoka wanacheka, kwa sababu hukukumbuka mpaka tu. Ulikumbuka na siku bibi zao walipogombania kipande kilekile, na nani alimrushia nani mchi.

Wasomaji wengine si watu wa kwetu, kwa hiyo nivumilie nikieleza usichohitaji kuelezwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo huo. Wewe uliwazaa watoto wako, ukawalea, ukawapenda, lakini wao ni wa ukoo wa mama yao, na shamba lako halikuwa lao. Mrithi wako ni mimi, mtoto wa dada yako. Na kwa mkuu wa ukoo, mrithi hachukui shamba tu, anachukua na jina. Akifa Lubago, mpwa wake anaitwa Lubago, na watu wanamsalimia kama vile yule wa kwanza hakufa. Wewe mwenyewe ulibatizwa Agustino. Ukawa Lubago siku ulipomrithi mjomba wako.

Sijui kusahau kulikuanza lini hasa. Nadhani hata wewe hukujua. Unauliza bei ya karoti, nakujibu, tunakunywa uji, unauliza tena bei ya karoti. Nikasema ni uzee tu. Na tena bei zenyewe siku hizo zilikuwa zinabadilika kila lori la Dar linapoingia, nani asingeuliza mara mbili? Kisha ukampa Anjelina kile kipande cha kando ya mto chenye udongo mweusi, na wiki hiyohiyo ukampa Paskalina. Wakakutana pale asubuhi moja, kila mmoja na jembe lake. Nilikuwapo walipokuja uani kwako wameshika viuno.

"Mjomba, si ulinipa mimi?" Anjelina akaanza.

"Wewe nani? Alinipa mimi, nimesimama hapahapa na kikapu changu, kuku wake mashahidi!"

Ukamtazama mmoja, ukamtazama mwingine, kisha ukanitazama mimi, na nikaona macho yako hayana pa kushika. "Kipande gani?" ukauliza.

Wanawake wale walikuja wamejiandaa kwa ugomvi wa mchana kutwa. Wakatazamana, Paskalina akasema tutazungumza siku nyingine mjomba, pumzika, wakaondoka pamoja. Kuona wale wawili wanatembea pamoja bila kutukanana ndiko kulikonitia hofu.

Halafu ukaanza kupotea. Siku ya Msamvu ndiyo iliyoniuma zaidi. Mtu anayekufahamu alinifuata sokoni, akaniambia mjomba wako yuko njia panda ya Msamvu tangu asubuhi. Nikakukuta umevaa koti lako la Jumapili, umesimama wima, unasubiri basi la kampuni ya mkoa. Kampuni ile ilishakufa, mjomba. Mabasi yake yalikuwa yanaozea uwanjani, na mbele yako yalikuwa yanapita mabasi ya watu binafsi yenye muziki na maandishi vioo vizima. Wapiga debe walikuwa wamekuzunguka. "Mzee, hilo basi lako labda lije na Yesu!" mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Nilitaka kumpiga mtu. Lakini wewe ulinishika mkono, ukasema, "Mwihwa, umechelewa, lingetuacha." Basi nikasimama pembeni yako tukalisubiri wote wawili, mpaka ulipochoka mwenyewe ukasema twende nyumbani.

Mwisho ulikuwa unaniita kwa majina ya watu waliokufa. Nilikuogesha mimi. Felista, binti yako, ndiye aliyekupikia na kukulisha kijiko kwa kijiko, akikuimbia nyimbo za kigangoni, na ajabu nyimbo ulizimaliza naye mpaka ubeti wa mwisho. Yeye hakuwa na la kupata pale. Alijua kabisa kwamba siku ukizikwa atakusanya vyombo vyake ashuke.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshaenea mlima mzima. Mjomba wako, yule Lubago aliyekutangulia, naye alikufa hawajui watu. Basi watu wakajumlisha. Wakasema jina ndilo linalosahau, na kila anayelivaa linamla kichwa. Wengine walisema ni mizimu. Wengine wakajifanya wasomi, wakasema huu ni ugonjwa wa kurithi. Hao ndio walionimaliza, kwa sababu kwetu kurithi kunajulikana njia yake, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Wa kwanza alikuwa yule, wa pili wewe, wa tatu mimi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, mjomba, na bado niliona hesabu hiyo haina tundu. Akina mama wa ukoo walikuwa wanamwambia Felista msibani, "Nyinyi mna bahati, si wa ukoo huu." Felista anafuta machozi, hajui ashukuru au atukane.

Tulipoondoa tanga wazee wakaniita niketi kwenye kigoda chako nipewe jina. Nikasema sijawa tayari. Wakaniita tena, nikasema biashara imebana. Mara nyingine nikasema mke wangu anaumwa, na mke wangu alikuwa anasikia, mzima wa afya. Kigoda kikabaki wazi. Na ukoo usio na Lubago katika siku za soko huria ni kazi, mjomba. Madalali wa mjini walianza kupanda mlima wakimtafuta yeyote mwenye shida awauzie kipande cha ardhi ya ukoo, na hakukuwa na mtu wa kusema hapana akasikilizwa. Kila walipotaka wa kusema hapana walinitazama mimi, na mimi nilikuwa Kihonda nimejifungia na hofu yangu.

Hofu hiyo sikuwahi kumweleza mtu kwa ukamilifu, basi nakueleza wewe. Nikisahau nilipoweka ufunguo, jasho linanitoka. Nikikosa jina la mteja, siku nzima imeharibika. Alfajiri, kabla sijainuka kitandani, nilikuwa nayataja majina ya wenzangu wote wa zamu yetu ya kiwandani ili kujipima. Mke wangu akanisikia. Kwa kuwa nusu yao walikuwa wameshafariki, akadhani nimeanza kuitwa nao, akaenda kumwona katekista.

Aliyenitoa huko ni Felista. Unamjua binti yako, mdomo wake hauna breki. Siku hizi anauza mitumba Mzumbe, na wasichana wa chuo wanamsikiliza kuliko wanavyowasikiliza walimu wao. Alikuja Kihonda, akaketi, akakataa chai.

"Binamu, kuna daktari bingwa wa ubongo anakuja hospitali kutoka Dar. Kesho twende."

"Nikafanye nini? Siumwi."

"Unaumwa hofu. Kama ugonjwa wa baba ni wako, ujue. Kama si wako, utuachie nafasi tupumue. Ukoo wenu unauzwa vipande kama kanga, na wewe, mkeo anasema, umelala hapa unahesabu majina ya wafu."

Tukaenda. Nikaingia kwa daktari peke yangu. Felista akabaki kwenye benchi la nje na mkoba wake wa maandazi, maana yeye alinisindikiza tu. Mgonjwa mtarajiwa nilikuwa mimi. Daktari alikuwa mama wa makamo, mtu wa Bukoba, anazungumza taratibu bila kukuharakisha. Nikamweleza yote, kuanzia karoti mpaka Msamvu.

"Dalili zilimwanza akiwa na umri gani?"

"Alikuwa ameshapita sabini."

"Zilikuja ghafla au polepole?"

"Polepole. Mpaka leo sijui siku zilipoanza."

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mpwa wake. Mimi ndiye mrithi."

"Mrithi wa nini?"

"Wa kila kitu, daktari. Ndiyo maana nimekuja."

Akaweka kalamu chini. "Hakuwa na watoto?"

"Anao, lakini hao hawahusiki. Ni wa ukoo mwingine. Mmoja yuko hapo nje kwenye benchi, amenisindikiza."

Mjomba, yule mama alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekuta mtoto amevaa viatu kinyume. "Kamlete," akasema.

Felista akaingia na andazi mkononi. "Mimi nimemsindikiza tu," akasema hata kabla hajaketi.

Daktari alituambia kwamba hakuna anayeweza kuapa bila kukuona ungali hai, lakini kwa maelezo yetu ulikuwa na ugonjwa unaoitwa Alzheimer. Jina gumu. Felista analiita alzaima, na mimi namfuata. Akasema ndani ya ubongo kuna protini ambazo hukusanyika na kufanya mabonge katikati ya seli, na nyingine hujisokota ndani ya seli zenyewe, na seli hufa kidogo kidogo. Mara nyingi uharibifu huanzia pale ubongo unapohifadhi mambo mapya, na ya zamani hubaki muda mrefu zaidi. Hapo nikakuelewa, mjomba. Ndiyo maana bei ya karoti ya asubuhi ile ilikuponyoka, na basi la zamani ukawa unalo bado. Hukuwa unatuchezea wala hukuwa umerogwa.

Nikauliza kinachoyaleta hayo mabonge ni nini. Akasema wenye elimu yao wenyewe hawajamaliza kujua. Kubwa kuliko yote ni umri. Kuna vinasaba. Halafu kuna mambo mengine yanayoongeza uzito, kama presha isiyotibiwa, kisukari, au kuumia sana kichwani. Nikamwuliza kama kuwaza sana mashamba ya watu kunaweza. Akasema kama ndivyo, angekuwa anatibu nchi nzima.

Kisha akafika kwenye kurithi. Alisema vinasaba ni maelekezo ambayo mwili unajengwa nayo, na kila mtu huchukua nusu kwa mama yake na nusu kwa baba yake.

"Nusu kwa baba," akarudia akimtazama Felista. "Vinasaba haviulizi shamba ni la nani. Kwetu Bukoba tunakosea upande wa pili. Ugonjwa ukionekana kwa mama, watu wanasema si wa ukoo wetu, kama vile mama ni gunia la kumbebea mtoto. Nyinyi mnahesabu kwa mama tu, sisi kwa baba tu. Mwili unachukua kotekote. Kaka, wewe na mjomba wako mnahusiana kwa damu, ndiyo, kupitia mama yako. Lakini aliye karibu naye zaidi kwa vinasaba ni huyu hapa."

Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, nikamgeukia Felista. Felista alikuwa amelishika lile andazi halisogei mdomoni wala halirudi mkobani.

"Kwa hiyo ni wangu mimi?" akauliza.

"Hapana. Subiri nimalize."

Na nashukuru alimaliza, kwa sababu hapo ndipo dawa ilipokuwa. Akasema alzaima ipo ya namna mbili. Kuna ile adimu sana inayowapata watu kabla ya uzee, wengine wangali na miaka arobaini au hamsini, na hiyo kweli hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kizazi hadi kizazi, kwa sababu ya kinasaba kimoja kilichoharibika. Hadithi yako haifanani na hiyo hata kidogo. Wewe ulipatwa na ile ya uzeeni, ambayo ndiyo ya watu wengi, na hiyo haina njia moja iliyonyooka. Kuna kinasaba ambacho wataalamu wamekigundua si zamani. Mwenye nacho hatari yake huongezeka, lakini wapo walio nacho waliokufa wazee na akili zao timamu, na wapo wasio nacho waliougua.

"Mtoto wa mgonjwa ana hatari iliyozidi ya jirani yake," akamwambia Felista. "Iliyozidi, si hukumu. Wengi huzeeka salama. Wewe pima presha yako, acha chumvi nyingi, tembea, na hayo maandazi upunguze."

Felista akalitazama andazi kama ndilo lililomtia hatiani. Akalila.

Daktari akanigeukia. "Mama yako, dada yake mjomba, yu hai?"

"Yu hai. Ni mkubwa kwa mjomba."

"Kumbukumbu zake?"

Felista akanidaka mdomoni. "Daktari, yule anakumbuka mpaka tusiyotaka ayakumbuke."

"Vizuri. Na yule mzee wa kwanza aliyekuwa na jina hilo, yeye ilimwanzaje?"

Nikamwambia sijui. Miaka yote hiyo nimeogopa ugonjwa wa mtu yule, na sijawahi kuuliza aliumwaje. "Basi kaulize," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nje, nilimfuata Felista mpaka getini. Nikamwomba radhi, sijui hata kwa nini, labda kwa sababu nilikuja na mzigo wangu na yeye akaondoka na kipande. Akanisimamisha.

"Binamu, nisikilize. Tangu nizaliwe naambiwa sina changu kwa baba. Shamba si lako, Felista. Jina si lako. Ukoo si wako. Baba mwenyewe ni wa watu wengine, wewe umeazimwa tu. Leo daktari kaniambia nusu yangu ni baba."

"Lakini nusu hiyo ina hatari yake."

"Na iwe nayo! Nitapima hiyo presha. Pua hii ni ya baba, na ubishi huu unadhani nimeutoa kwa nani? Nilikuwa nimerithi siku zote, na hakuna aliyeniambia." Akaanza kulia palepale getini, analia na kucheka, na watu wanaoingia kuona wagonjwa wakatupisha wakidhani tumefiwa.

Jumapili nikapanda kwa mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya magimbi. Nikamsalimia, nikachukua kisu cha pili nikaketi.

"Mama, yule Lubago wa zamani alianzaje kusahau?"

"Kusahau? Yule hakuanza kusahau. Alitoka kanisani siku ya Matawi, akaanguka mlangoni. Walipomwinua mdomo umekwenda upande na mkono umekufa. Toka siku hiyo maneno hayakumtoka, na watu hakuwajua tena."

"Mama, hicho ni kiharusi!"

"Mimi nitajuaje kinaitwaje? Nilichoona ni mdomo."

"Sasa watu waliposema jina ndilo linalosahau, mbona hukusema?"

Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaulizana nyinyi wanaume huko kilabuni. Menya, maji yanachemka."

Nilicheka, mjomba. Nilicheka mpaka nikaangukia kwenye maganda, na mama akanipiga na mwiko akidhani nimelewa. Wazee wawili waliumwa maradhi mawili tofauti, mmoja ghafla mlangoni mwa kanisa, mwingine polepole kwa miaka, na sisi tukayafunga pamoja kwa kamba ya jina, tukalitupia jina lawama. Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Nilishuka mlima ule nikiwa mwepesi. Nilifika Kihonda nikagundua mwavuli wangu nimeuacha kwa mama, na hata jasho halikunitoka. Najua nami naweza kuugua siku moja, kama mtu yeyote atakayejaliwa kuzeeka. Hiyo naiweza. Kusubiri zamu yangu ndiko nilikokuwa sikuwezi.

Juzi wazee waliniita tena, na safari hii sikutafuta kisingizio. Watu walijaa uani kwako. Kabla sijaketi nikaomba kusema. Nikawaeleza kuhusu kiharusi na alzaima kama nilivyoelezwa, na mama akawa anaitikia kwa sauti kubwa, "Mdomo ulikwenda upande, niliona mimi!" Kisha nikasema kwamba wakinipa jina, neno langu la kwanza ni kwamba hakuna kipande kitakachouzwa, na la pili ni kwamba Felista atalima pale nyuma ya nyumba yako, penye mipichi, maisha yake yote. Mzee mmoja akasema Felista si wa ukoo. Nikamjibu kwamba ni kweli, na shamba litabaki la ukoo, lakini aliyemlisha marehemu wetu kijiko kwa kijiko hawezi kupita hapa kama mgeni. Wakanong'ona kidogo. Yule mzee akasema, haya, mipichi yenyewe ina wadudu. Wakaniketisha.

Walinifunga kitambaa, wakanimiminia pombe ya kangara, wakaniita kwa sauti moja, "Lubago!"

Na mimi, mjomba, nikageuka nyuma kukutafuta.

Hukuwapo. Nikabaki nimegeuza shingo, watu wote wananitazama, na nikaanza kulia mbele ya ukoo mzima kama mtoto. Walidhani ni uzito wa jina. Siku tuliyokuzika sikudondosha hata chozi, watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Sikujikaza. Siku ile nilisimama kaburini nikijitazama mimi mle ndani, nikijiogopea mimi, na wewe sikukuona kabisa. Hofu ilikalia mahali pa msiba muda wote huu. Sasa imeondoka, na nimekukosa, mjomba. Nimekukosa hasa, kwa mara ya kwanza, na ni raha kubwa kuweza kukulilia.

Lala salama, mjomba. Wameniita tena hapo nje, na sasa nikisikia naitika.

Mpwa wako,
Lubago